Jinamizi linakukaba? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii meseji karibu zote ni za jinamizi. Nimechagua chache, majina nimeyaacha pembeni.

Shikamoo sista. Nasoma chuo huku Malimbe, Mwanza, na tuko kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Juzi nimeamka saa kumi alfajiri, macho yanaona, namsikia hadi rumeti anakoroma, ila mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kuna mtu kasimama mlangoni. Nitakuja kufa hivi?

Marahaba mdogo wangu, hufi. Iko hivi, usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko una kipande cha ndoto, kile ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, na vipande hivyo vinazidi kurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndo maana wengi linawakuta alfajiri. Sasa ukiwa unaota ubongo unalegeza misuli karibu yote, ili ukiota unakimbizwa na mbwa usitoke mbio kweli ukajibamiza ukutani. Vinavyobaki kazini ni macho na ule msuli mkubwa wa kupumulia ulioko chini ya mapafu. Jinamizi ni pale akili imeshaamka lakini ule ulegevu bado haujaachia na ndoto nayo haijakata, inamwagikia humohumo chumbani, kwa hiyo chumba unachokiona ni chako kabisa ila yule mtu wa mlangoni hayupo. Na kifua kinabana kwa sababu misuli ya mbavu imelegea, unataka kuvuta pumzi ndefu haiji, unaona unakabwa. Hewa inaingia, tena ya kutosha. Huwa ni sekunde kadhaa mpaka dakika chache, japo aliye ndani yake anaweza kuapa ni nusu saa.

Likikushika usipambane na mwili mzima, utaongeza woga tu. Chagua kitu kidogo, dole gumba la mguu au ulimi, kichezeshe hichohicho huku unapumua taratibu na unajiambia moyoni "hili ni jinamizi, linapita". Likikuachia usigeukie ukutani ukalala tena papohapo maana linaweza kurudi, kaa kitako, washa taa, kunywa maji kwanza.

Na hauko peke yako. Mwaka 2011 watafiti walijumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakakuta watu karibu 8 kati ya 100 limewahi kuwapata, ila kwa wanafunzi ni 28 hivi kati ya 100. Mnakesha, mna stresi, leo unalala saa nne kesho saa tisa usiku, linakosaje? Hata mimi lilinipata nikiwa zamu za usiku wodini, nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, chandarua nilichokifunga fundo juu ya kitanda kikawa mtu mzima ananiinamia. Nikakifungua lile fundo siku hiyohiyo, na bado nikalala na taa wiki nzima, sista mzima!

Mimi ni mvuvi wa dagaa, niko Igombe. Wakati wa giza tunakesha ziwani, nikirudi nalala mchana na ndo linanikaba, siku nyingine mara mbili. Wenzangu wanasema nimekanyaga mambo ya ziwa.

Kaka, uliyokanyaga ni ratiba. Giza likiingia unakesha kwenye taa, mbalamwezi ikitoka unapumzika unalala usiku kama watu wote, yaani kila mwezi unaugeuza mwili mara mbili, ukianza kuzoea unaupindua tena. Halafu usingizi wenyewe ni chini ya bati saa sita mchana, jua kali, kelele za wanaoanika. Huwezi kuacha kazi, sawa, ila zile siku za giza jaribu kulala saa zilezile, dirishani weka kitenge kizito, na ile chupa ndogo ya pombe ya kuvutia usingizi achana nayo, inakulaza haraka kisha inauvuruga usingizi huko mbele. Tena usilale chali, watu wengi ndo linawapata wakiwa chali. Shona kimfuko mgongoni mwa tisheti utie boya dogo la wavu, ukigeuka tu litakuchoma.

Niko Magu. Kila likinijia namwona bibi wa jirani amenikalia kifuani, namtambua hadi kanga yake. Nimeenda kwa mtaalamu kaniambia ni yeye kweli. Nifanyeje?

Hapa naomba unisikilize vizuri mwanangu. Ubongo wenye hofu unamtafuta mtu wa kumweka kwenye kile kivuli, na unachukua sura ulizonazo. Pemba mwaka 1995 watu walikuwa wanakabwa na popobawa, yule shetani anayesemwa kuvamia watu usiku, hofu ikavuka mpaka Unguja, familia zikalala nje kwa makundi. Japani kuna jina lake, Brazili wanasema ni kikongwe anayekanyaga watu kifua. Kifua kubanwa ni kulekule, anayewekwa juu yake ndo anabadilika, wewe umemweka bibi kwa sababu maneno ya mtaani ulishayasikia kabla hujalala.

Na ukanda wetu huu wa Ziwa tunajua yanakoishia. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, eti ni ya mchawi, macho ambayo ni moshi wa kuni wa miaka hamsini. Huyo aliyekutajia jina amepiga ramli chonganishi, ni kosa kisheria. Usilirudie hilo jina kwa mtu yeyote, hata kwa kaka zako, hasa kwa kaka zako. Kesho mchana kamsalimie bibi.

Mke wangu akikabwa nasikia anaguna tu. Nimwamshe au nitamdhuru?

Mwamshe. Mwite jina, mshike bega, mara nyingi linakatika hapohapo.

Kisu chini ya mto kinasaidia?

Kinakata shuka. Sala kama inakutuliza, sali, utulivu wenyewe ni dawa. Kisu kirudi jikoni.

Naendesha boda Buhongwa. Linanikaba, sawa, lakini pia nasinzia mchana hata nikilala usiku mzima, na nikicheka sana magoti yanaisha nguvu.

Wewe sasa hospitali, na usingoje mwisho wa mwezi. Kusinzia hivyo pamoja na magoti kulegea ukicheka inaweza kuwa ugonjwa wa usingizi wenye jina lake na dawa zake. Anza kituo cha afya cha karibu, waeleze yote mawili, hasa hilo la magoti maana hawatakuuliza, na uombe rufaa ya hospitali ya Bugando. Mpaka uonwe, pikipiki mpe mwenzio aendeshe mgawane hesabu.