Slabu Serifu Nene: Itumie Kwenye Maneno Machache

Mteja anayetaka jina la duka lake lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, awe wa Kondele au Kibuye mjini Kisumu, mimi humwonyesha kwanza slabu serifu nene, yaani fonti ambayo kila herufi husimama juu ya miguu (ndiyo serifu) ya mraba iliyokaribia kuwa nene kama mwili wake. Fonti za aina hii zilibuniwa kwa kazi hiyo hiyo. Mtengenezaji wa herufi za chapa Vincent Figgins alizitoa London mwanzoni mwa karne ya 19, wakati matangazo ya ukutani yalipokuwa yakigombania macho ya wapita njia, na mwaka wa 1845 Robert Besley akaisajili fonti ya Clarendon, ambayo miguu yake huungana na mwili kwa mkunjo laini. Rockwell ya kampuni ya Monotype, iliyotoka mwaka wa 1934, ina kona kali zaidi. Kwa duka la vifaa vya ujenzi nachagua Rockwell. Mwoka mikate nampa Clarendon.

Faida yake huonekana hasa katika kukata stika. Serifu nyembamba kama za fonti ya Bodoni hukatika ncha unapotoa mabaki kwa sindano, na hata zikibandikwa salama kwenye mlango wa matatu, ncha hizo ndizo huanza kubanduka gari linapooshwa kila siku. Miguu ya slabu ni mipana kiasi cha kushika gundi vizuri. Kwenye fulana mambo ni hayo hayo, kwani mstari mwembamba hupotea wino usipopita sawasawa.

Hata hivyo, unene huo una hasara zake. Andika "Tunatengeneza viatu" kwa Alfa Slab One, inayopatikana bure Google Fonts, kisha uyapunguze maneno hayo hadi yaenee kwenye kadi ya biashara: matundu ya a na e huziba kwa wino, na Kiswahili hakina uhaba wa irabu hizo. Isitoshe, fonti hiyo ni pana, na neno refu hufika ukingoni mwa bango upesi. Wengi hulibana kwa kompyuta ili litoshe, jambo ambalo silipendi kabisa, kwa sababu nguzo za wima hukonda ilhali miguu ya mlalo hubaki na unene wake. Afadhali upunguze maneno. "Viatu" linatosha kwa herufi nene, na maelezo mengine yawekwe kwa fonti isiyo na serifu. Katika neno kama "KINYOZI", ongeza nafasi kidogo kati ya herufi ili miguu ya I na N isigusane.

Nambari ya M-Pesa isiandikwe kwa unene huo. Tarakimu za 3, 6 na 8 zikishaziba matundu hufanana, na mteja akikosea moja tu, pesa zinaweza kwenda kwa mtu mwingine. Mimi hutumia Roboto Slab ya unene wa kawaida, nikizitenganisha tarakimu katika mafungu mafupi, na mwenye duka akisisitiza zinenepeshwe, humchapia sampuli mbili na kumwomba azisome kwa sauti akiwa mlangoni.