Usiwazoee wanafunzi, watakupanda kichwani: jibu langu kwa mwalimu mpya

Mdogo wangu, swali lako nililisoma jana usiku nikiwa hoi, nikasema nitalijibu nikipumzika. Umesema umeripoti shule ya kata huku kwetu Dodoma, na wiki ya kwanza tu wakongwe wa stafu wamekupa nasaha: "Usiwazoee hawa, watakupanda kichwani." Chuoni uliambiwa mwalimu ni mlezi. Unauliza ushike lipi. Waliokujibu kabla yangu wametumia methali. Mimi nitakusimulia kilichonikuta, maana hao wakongwe wamekosea, lakini hata mimi niliyejiona nawapenda watoto nilikosea vibaya kuliko wao.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mwanamke, kazini tangu 2011. Nilitokea Mbeya, kwenye ukungu na migomba, nikashuka huku mwezi wa tisa: upepo, vumbi, mibuyu haina jani hata moja. Nikajiuliza hawa watu wanakula nini. (Wanakula uwele, mtama na mlenda, na mvua ikiwa ya kueleweka wanakula vizuri kuliko mimi na wewe.)

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa mkali. Nilitembea na fimbo kama wenzangu wote. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kanuni hizo nilizisoma baadaye sana, fimbo imeshazoea mkono. Niliokuwa nawachapa zaidi walikuwa watoro. Mtoto hakuja jana, leo anapokea vyake, tunaendelea na somo. Niliona natenda haki kwa sababu wote nilikuwa nawapa sawasawa.

Mwaka 2013 nikapewa kuwa mwalimu wa darasa, kidato cha pili. Kazi ambayo hakuna anayeitaka, kwa sababu inakuja na daftari la mahudhurio. Ijumaa moja mchana nikakaa nijumlishe mahudhurio ya mwezi ili nimkabidhi makamu mkuu wa shule, nikaona kitu. Mapengo hayakutawanyika. Yalikuwa yamesimama kwenye safu moja, Alhamisi, na majina ni yale yale saba, wote wavulana. Nikafungua miezi ya nyuma: mwezi wa nne na wa tano, mapengo ya siku nyingi mfululizo, wavulana kwa wasichana, yakiisha wote wanarudi karibu ndani ya wiki ile ile.

Alhamisi ni siku ya mnada kwetu. Mwezi wa nne na wa tano uwele unakomaa, na watoto wanakwenda kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka shambani. Wewe wa mjini labda hujaona kwelea wakitua shambani. Wanakuja kama moshi. Familia ikiacha shamba siku moja inaweza kukosa chakula cha mwaka, kwa hiyo mtoto anatolewa alfajiri na kombeo na debe bovu la kugonga. Mimi nilikuwa namchapa Jumatatu, na Jumanne kwelea wanarudi pale pale.

Nilifundisha miaka miwili bila kuyajua hayo, na yote yalikuwa yameandikwa kwa mkono kwenye daftari lililolala kabatini.

Sasa nije kwenye mnada. Katika wale saba kulikuwa na kijana mmoja ambaye mtihani wa muhula alinipatia nane kwa mia. Nane. Hakuwa mkorofi, anakaa nyuma, anakopi ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa asichokielewa. Alhamisi moja sikuwa na vipindi mchana, nikaenda mnadani kutafuta viatu vya mtumba. Nikamkuta upande wa mbuzi. Amevaa koti kuukuu juu ya shati la shule, fimbo mkononi, anabishana bei na mzee mwenye umri wa babu yake. Akaniona. Hakukimbia. "Shikamoo madamu."

Nikaitikia, nikamuuliza anafanya nini pale. Akasema ni mbuzi wa mjomba wake, wananunua Alhamisi hapa, Jumamosi wanapanda fuso kwenda mnada wa Msalato. Nikamuuliza wiki iliyopita walipataje, kwa udadisi tu. Akanijibu akiwa anamwangalia mbuzi, haniangalii mimi:

"Tulinunua watatu, elfu sitini sitini. Fuso elfu tatu kila mmoja. Tukauza sabini na mbili sabini na mbili."

"Kwa hiyo mmepata ngapi?"

"Ishirini na saba, madamu." Halafu akaongeza kitu ambacho sikukiuliza: "Kila elfu saba imezaa buku."

Nikasimama pale na viatu vyangu nikipiga hesabu kichwani. Mbuzi mmoja amemgharimu sitini na tatu, faida tisa. Tisa katika sitini na tatu, moja ya saba. Kijana wa nane kwa mia amenipa uwiano wa faida kwa mtaji, umerahisishwa hadi mwisho, amesimama juani. Hiyo ni topiki ya kidato cha kwanza, na kwenye mtihani wangu aliiacha wazi.

Hapo ndipo nilipokosea, na unisome vizuri hapa. Nilifurahi mno. Nilirudi nyumbani nimewaka, usiku ule sikulala vizuri kwa kupanga somo. Kesho yake nikaingia darasani, nikamsimamisha kijana mbele ya wenzake themanini na kitu, nikasema mnaogopa hisabati bure, mwenzenu huyu jana nimemkuta mnadani anauza mbuzi, na nikaandika hesabu yake ubaoni mbuzi kwa mbuzi. Nilidhani nampa heshima. Darasa likacheka. Sio kicheko kibaya sana, cha vijana tu, lakini kuna mmoja alitoa sauti ya mbuzi, na hiyo ndiyo iliyobaki. Yeye alisimama anaangalia vidole vyake vya miguu mpaka nikamwambia akae.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Alhamisi nikasema aa, mnada. Ijumaa hakuja.

Wiki ya pili nikapanda bodaboda nikaenda kwao, ndani kabisa, kilomita ambazo yeye alikuwa anazitembea kila siku. Mama yake nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kubabaisha, "Mbukwa," akaniitikia, akanisogezea kigoda, akaendelea kupepeta. Nikaeleza kwamba nimemfuata mwanangu wa darasani, ana akili sana, na asiache shule.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema yeye hakuwa anajua habari za Alhamisi. Alikuwa anajua mtoto yuko shule. Mjomba mtu ndiye alikuwa anamchukua, na ile pesa kidogo mtoto alikuwa anainunulia daftari na kumletea mama sukari, akisema amebeba tofali kwa fundi Jumamosi. Siku niliyomsimamisha darasani, mtoto wa jirani alifika nyumbani kabla yake. Ikawa kelele, mama akamtolea maneno, mjomba akaja juu kwamba anasemwa hadi shuleni, na kijana akaondoka usiku kwenda kwa ndugu upande wa Chemba, anachunga.

Halafu mama akaweka ungo chini, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, ungeniambia mimi kwanza."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikitaka kusema jambo la mtoto mbele ya wenzake, zuri au baya, nasikia ule ungo ukiwekwa chini.

Alirudi baada ya wiki tatu. Tangu hapo hakunisemesha zaidi ya shikamoo, na mimi sikumlazimisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kuwazoea au kutowazoea, nakwambia wajue, tena sana, lakini ukishajua funga mdomo. Wale wakongwe wa stafu wanaogopa kupandwa kichwani, na mimi kwa miaka yote sijaona mwanafunzi aliyempanda mwalimu kichwani kwa sababu mwalimu anajua anaishi wapi. Wanampanda yule asiyeandaa somo.

Na hilo ndilo watu hawalisemi kwenye mijadala ya upendo kwa wanafunzi. Mtoto anajua kama unamjali kwa kuangalia daftari lake. Mimi nina madaftari zaidi ya mia mbili. Huwezi kuyasahihisha yote kwa wiki, usidanganyike. Ninachofanya, nachukua ishirini kwa siku na ninayasoma kweli, hatua kwa hatua, naandika pale alipopotea. Zamani nilikuwa napiga vema ukurasa mzima kwa kupitisha macho, na siku moja msichana mmoja alinirudishia daftari akasema, "Madamu, hii umenipa vema lakini nimekosa." Aibu ile sitaki kuirudia.

Lugha nayo. Mtoto amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza ghafla. Yule kijana wa mbuzi hakuacha swali wazi kwa kutojua faida. Hakujua kwamba neno "profit" ni ile faida yake ya kila Jumamosi. Siku hizi kila topiki naianza kwa Kiswahili, tunaielewa, ndipo tunaivalisha Kiingereza chake, na kona ya ubao ninaacha maneno ya wiki nzima bila kufuta. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, aliwahi kuniuliza mbona Kiswahili kingi. Nikamwambia karibu ukae hadi mwisho wa kipindi. Hakukaa, alikuwa na gari linamsubiri.

Mambo mengine kwa kifupi. Ada ilifutwa kuanzia 2016, lakini usidhani njaa ilifutwa nayo. Januari hadi Machi, kabla ya mavuno, kama shule yako ni ya kutwa na wazazi hawajakubaliana kuchangia mahindi ya uji, weka somo gumu asubuhi. Saa nane mchana unafundisha madawati.

Usimfanye mwanafunzi akuchotee maji. Najua huku maji ni shida na wote wamefanya, nami nilifanya. Na wewe kijana wa kiume, msichana asiingie nyumbani kwako hata kwa kuleta madaftari. Yaishie ofisini, mlango wazi. Kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, lakini kabla hujafika huko kuna maneno ya mtaani ambayo hayahitaji mahakama.

Ukipata binti aliyerudi baada ya kujifungua, maana tangu waraka wa Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi, usimfanyie hotuba wala usimtolee mfano. Mimi nilipata mmoja. Nilichomfanyia ni kumhamishia dawati la karibu na mlango ili akitoka asipite katikati ya watu wote, basi. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakunishukuru, na ndivyo nilivyotaka.

Pesa: toa kidogo, kimyakimya, na usikopeshe. Ukimkopesha mtoto ataanza kukukwepa, na atakayekukwepa hatakuja darasani.

Kijana wangu nilimalizana naye hivi. Kidato cha tatu nilianza kutunga maswali ya mbuzi, debe la alizeti, zabibu za Hombolo, bila kutaja jina la mtu. Siku moja nikakosea makusudi nauli ya fuso kwenye swali. Kimya. Halafu kutoka nyuma kabisa nikasikia, "Madamu, fuso sio hiyo." Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu kwa zaidi ya mwaka. Nikafuta, nikaandika aliyoisema yeye, nikaendelea kama hakuna kilichotokea. Mtihani wa kidato cha nne alipata D ya hisabati, yaani alifaulu. Wewe wa chuo unaweza kuiona ndogo. Mimi niliitazama kwenye matokeo mara tatu.

Sasa hivi ana mbuzi wake mwenyewe. Desemba iliyopita nilikwenda Msalato kutafuta beberu wa Krismasi, nikamkuta, akanipa shikamoo, akanichagulia mzuri. Nikamwomba anipunguzie, mimi mwalimu wake. Akacheka, akaniuliza nauli ya fuso siku hizi naijua? Hakunipunguzia hata buku.