Komeo na unga havimtoi mtu kwenye pombe

SWALI: Mume wangu amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka tisa. Asubuhi asipozimua, mikono hutetemeka hata kikombe hakishiki. Ndugu zake wanataka kumfungia chumbani wiki nzima sumu imtoke, na wamenunua unga wa kumtilia kwenye chai bila yeye kujua, eti unasafisha damu na ataichukia pombe. Tuendelee?

JIBU: Hapana, dada. Waambie shemeji zako waliweke kando komeo lao.

Huko kutetemeka mpaka azimue ndiko kunakonitisha. Pombe hupooza ubongo, na kwa miaka yote hiyo ubongo wake umejiongezea kasi ili kushindana nayo. Akikatiwa ghafla, pombe huisha mwilini, kasi inabaki. Mtetemeko, jasho na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na 24 tangu tone la mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, huona wadudu wasiokuwepo, homa hupanda, na wapo wanaokufa. Sasa mlango mmeufunga, nani atamwona?

Hilo neno "sumu" ndilo linaloua watu. Familia humwona mgonjwa anatetemeka, zikashangilia kwamba uchafu unatoka. Ini hushughulikia pombe lenyewe, bila unga wa mtu. Kinachomtetemesha mumeo asubuhi ni pombe kupungua mwilini, si kuwemo.

Hospitalini atapewa dawa ya kutuliza ubongo: diazepamu, au lorazepamu kama ini limechoka. Dozi huanza juu, kisha hushushwa kwa siku 5 hadi 7, huku mapigo, presha na mtetemeko vikipimwa kila baada ya saa chache. Hupewa pia vitamini B1, ya sindano kama hali yake ni dhaifu, na isicheleweshwe nyuma ya dripu ya sukari: B1 ikikosekana, ubongo huweza kuumia na kumbukumbu isirudi. Mwambieni daktari ukweli wote: anakunywa kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, amewahi kupata degedege? Mpaka mfike huko asiache ghafla. Akianguka au akianza kuweweseka, ni dharura, usiku huohuo.

Kuhusu unga: muuzaji hatawaambia kilichomo. Dawa halisi ya kumfanya mtu ashindwe kunywa ipo, inaitwa disulfiramu. Huzuia mwili kumalizia kuvunja pombe, kwa hiyo akinywa uso huwaka, hutapika, presha hushuka. Mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Ndiyo maana hupewa aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na aliyekaa angalau siku nzima bila pombe. Kumtilia mlevi kwenye chai ni kumtegea.

Wauzaji haohao huwa na kifurushi kimoja cha kila uraibu. Aliyezoea vidonge vya usingizi wakimkatisha ghafla, naye hupata degedege. Wa heroini hufungiwa, arosto (mateso ya kuikosa) ikapita, akatangazwa amepona. Mwili wake umeshapoteza uzoefu wa kuihimili. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, pumzi hukata. Huyo alihitaji methadoni au buprenofini, dawa zinazoshika nafasi ya heroini, kwa miezi, mara nyingi miaka, chini ya uangalizi, si wiki ya kufuli.