Liemba: astaafu au aendelee?

Kaka umeuliza kwa nini MV Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, isistaafishwe igeuzwe makumbusho pale Kigoma. Miaka peke yake si hoja. Ziwa Tanganyika ni maji baridi yasiyo na chumvi, kutu haili chuma kwa kasi kama ya baharini. Tena meli hii ilishalala chini ya ziwa: Wajerumani waliizamisha wenyewe vitani mwaka 1916 ili isitekwe, lakini mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakazikuta bado zinafaa. Ikarudi kazini 1927. Injini hizo za mvuke hazimo tena, zilibadilishwa kwa dizeli miaka ya 1970, kwa hiyo wapenzi wa meli wanaotafuta mvuke wamechelewa.

Shida ya kuistaafisha ni vijiji vya kusini. Vingi havina gati; Liemba ilipokuwa safarini ilisimama majini, mitumbwi ikaifuata na abiria, magunia ya dagaa, hata kuku. Makumbusho sawa, mimi nitalipa kiingilio. Ila kwanza iletwe meli nyingine itakayosimama kule.