Maswali Yenu: Wadogo Hawa, Niwapeleke Shamba?

SWALI

Assalam aleikum Bi. Nina watoto wawili, wa kike miaka mitano na wa kiume miwili na nusu. Tunakaa Malindi mjini, ghorofani, na mbuzi wanawaona wakati wa Idi tu. Kuna familia upande wa Kakuyuni inayopokea wageni shambani kwao: mnalala nyumba ya makuti, mnakula nao, watoto wanalisha mifugo. Nataka twende likizo hii ya Desemba. Baba yao anasema watoto wa umri huo hawatakumbuka lolote, heri pesa hizo twende hoteli ya ufuoni yenye bwawa la kuogelea. Nami, kusema kweli, naogopa maradhi na nyoka. Unanishaurije?
Mama Wawili, Maweni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Nendeni.

Baba watoto mwambie kwa upole kwamba kukumbuka si kipimo. Huyo mdogo jina la Kakuyuni litamtoka, lakini ndiye atakayefaidi kuliko nyote. Mpe kopo la mahindi mbele ya kuku, hutamsikia mpaka yaishe. Mimi nimelea wanangu, na sasa wajukuu, kwenye shamba letu la Ganda, na nimeona watoto wa mjini wakibadilika pale uani. Mjukuu wangu mmoja kutoka Mombasa alifika akimkimbia hata jogoo. Kesho yake nilimkuta amechuchumaa kando ya zizi, anatazama vitoto pacha vya mbuzi vikinyonya. Vilikuwa vimepiga magoti ya mbele, vikia vinatetemeka, vinakigonga kiwele kwa vichwa. Akaniuliza, "Nyanya, mbona wanampiga mama yao?" Nikamweleza kwamba kule kugonga ndiko kunakoteremsha maziwa. Alikaa pale mpaka jua likawa kali, nami nikamwacha.

Kwa hiyo usiende kwa siku moja ukarudi. Siku ya kwanza ni ya woga tu. Laleni angalau usiku tatu, na msizijaze safari. Marafa na magofu ya Gede yatakuwepo wakikua. Umpe kila mtoto kazi moja iliyo yake: mdogo kuku, dada yake kuokota mayai asubuhi na kukamua tui jioni. Kukuna nazi wamwachie mtu mzima, ile mbuzi ina meno makali, na ikimaliza kazi ikunjwe iwekwe juu. Lakini nazi iliyokunwa na maji vikishatiwa bakulini, mkono wa miaka mitano unaweza kukamua vizuri kabisa.

Sasa hofu zako. Nyoka wapo, nao humkimbia mtu kuliko mtu anavyowakimbia. Viatu vya kufunika mguu, tochi usiku, na mikono isiingizwe kwenye rundo la kuni wala makuti, basi. Kinachonikosesha usingizi mimi ni chupa ya soda. Mashamba mengi humimina dawa ya kupe, dawa ya kunyunyizia mimea au mafuta ya taa ndani ya chupa za soda, na mtoto wa miaka miwili na nusu chupa hiyo anaijua ni ya kinywaji. Kabla hujalipa, mpigie mwenyeji umuulize dawa zinakaa wapi. Unataka kusikia chumba chenye kufuli. Muulize pia kama kisima kina kifuniko kizito, si gunia wala mabati mawili yaliyoegemezwa, na kama mbwa wamechanjwa. Mwenyeji mzuri atakujibu bila kuudhika. Akiudhika, tafuta shamba jingine. Na mkiwa huko, wakati wowote awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwaangalia watoto, simu iko mfukoni. Mpokezane na baba yao.

Desemba ni wakati wa maembe na korosho, na hapa nisikilize vizuri. Mtoto atakula bibo, utomu wake utaharibu nguo, hilo si neno. Lakini korosho mbichi iliyoning'inia chini ya bibo asiitie mdomoni. Ganda lake lina mafuta yanayounguza midomo na ngozi mpaka ikatoka malengelenge. Mwonyeshe dada mtu siku ya kwanza, naye atakuwa askari wa mdogo wake. Mkeka nao usiutandike chini ya mnazi, nazi haipigi hodi. Tafuteni mkwaju.

Maziwa yachemke mpaka yafure, hata mwenyeji akikwambia wao wanayanywa hivyo hivyo toka utotoni. Maziwa mabichi huleta bruselosi na maradhi ya tumbo, na watoto chini ya miaka mitano ndio huugua sana. Kwa sababu hiyo hiyo, akishika mnyama anawe kwa maji na sabuni kabla ya kula, maana dawa ya kupaka mikononi haifui tope. Mbwa akimuuma au kumkwaruza, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo. Mwenyeji akiwaalika Mto Sabaki, mtazame kutoka mbali, una mamba na viboko.

Beba poti ya huyo mdogo. Choo cha shimo humtia mtoto hofu, akajizuia siku mbili, likizo ikaishia kwenye tumbo. Usiende mikono mitupu pia, hata kama mmelipa: sukari, majani ya chai na halua kidogo kwa mama mwenye nyumba. Watoto wake ndio watakaowafundisha wako kumwita mbuzi.

Chandarua mchukue chenu chenye dawa, mkichomekee chini ya godoro kabla ya magharibi. Na mkirudi, mtoto akipata homa hata baada ya wiki mbili au tatu, usimpe panadol ukangoja kuche. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.