Jibu: Mbona reli iliukwepa mji wa Harar?

Habari ndugu. Umekwama hapa: Harar ulikuwa soko kuu la mashariki mwa Ethiopia, mbona reli kutoka Djibouti ikaenda kuzaa mji mwingine, Dire Dawa?

Kabla ya kingine chochote, angalia urefu kwenye ramani. Harar uko kilimani, karibu mita 1,900. Dire Dawa iko karibu 1,200. Treni ya mvuke haipandi mlima hivi hivi, kwa hiyo reli ilibaki chini na Dire Dawa ikaanza 1902. Sisi wa Nairobi tusishangae, reli yetu nayo 1899 ilitua kwanza tambarare, kabla ya kupanda kuelekea Kikuyu.

Wanafunzi ninaowafundisha hudhani kilima kilikuwa hasara tangu mwanzo. Wapi! Enzi za misafara kilima kilileta hewa baridi, kahawa, miraa na ulinzi. Ukuta wa mji, Jugol, una milango mitano ya kale, kila mmoja ukielekea njia yake kuu. Wenyeji humtaja Amiri Nur wa karne ya 16 kuwa ndiye aliyeujenga.

Halafu usichanganye mambo: Menelik, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ethiopia, aliuteka mji 1887, reli haijafika. Utawala ulienda kwanza, biashara ikafuata.