Muuza kahawa huuliza kwanza

Asubuhi kijana wangu mmoja kaniletea dampu (nakala ya kumbukumbu programu inapoanguka) ya S0C4, kosa la kugusa anwani isiyoruhusiwa, huku akiapa programu yake ni safi. CPOOL, huduma ya mfumo inayogawa seli (vipande vya kumbukumbu vya ukubwa mmoja) kutoka puli, kaikataa, kajitungia mnyororo wake wa seli. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kosa lile nalijua linakotoka. Basi nyinyi mnaoanza asembla ya z/OS, mfumo wa mainframe za IBM, haya:

1. Msiite GETMAIN (kuomba kumbukumbu kwa mfumo) kwa kila rekodi. CPOOL BUILD (kujenga puli) mara moja, na PCELLCT, idadi ya seli za mwanzo, ikadiriwe kwa mzigo wa kweli, si kwa jaribio lenu la rekodi kumi.

2. GET (kuomba seli) haiwafutii seli. Mtakuta mabaki ya aliyetangulia.

3. GET ya masharti (isiyopanua puli seli zikiisha) ikirudisha sifuri kwenye rejista 1, hamna seli. Mbona hamtazami?

4. Msirudishe seli moja mara mbili. Hapa nikae kitako.

Nami ujanani niliidharau CPOOL. Seli zangu zilikuwa za baiti 256, anwani ya seli inayofuata nimeiweka kwenye kichwa cha seli, nje ya data. Kazi ikaisha, seli nikairudisha. Kisha rutini ya kuokoa makosa ikairudisha tena. Seli ikawekwa juu ya mnyororo ambao juu yake tayari ni yenyewe, ikajielekeza. Tangu hapo waombaji wawili, watatu, wote wakapewa ileile. Abendi (programu kukatizwa kwa kosa) haikutokea, puli haikupungua, nami nikatembea kifua mbele: puli yangu haikauki! Siku ya tatu ikatoka ripoti yenye jina la mteja huyu na salio la yule. Kwenye dampu, seli iliyoko 0C3A7100 ilikuwa na 0C3A7100, anwani yake yenyewe, kwenye kichwa chake. Nilitokwa jasho ndani ya chumba cha AC.

Bosi hakunigombeza. Tuliporudi kwetu Lamu kwa Idi alinipeleka Mkunguni, tukakaa mbele ya ngome. Muuza kahawa akanyoosha mkono: "Ushamaliza, au bado?" Ndipo akakichukua kikombe. Bosi akanitazama tu.

Dawa: kabla ya FREE (kurudisha seli), ondoa anwani pale rutini ya kuokoa inapoisoma, weka sifuri. Kabla, si baada. Kazi ikianguka katikati utapoteza seli moja, na iende.

5. FREE hairudishi kumbukumbu kwa mfumo, DELETE (kuivunja puli nzima) ndiyo. Mwenye puli ndani ya CSA, kumbukumbu inayoshirikiwa na kazi zote, na asome tena.

Na wewe mwenye dampu, bahati yako umepata abendi. Tazama neno la kwanza la ile seli: hizo si anwani ya seli inayofuata, ni herufi za jina la mteja.